Wimbi Kubwa, Mlima Mdogo

Mwezi huu tuanze na picha. Katika chumba tunachokutania akina mama wa kanisa, hapa Iringa, kuna kalenda ya zamani iliyokwisha mwaka wake. Hakuna aliyekubali itupwe kwa sababu ya picha yake. Ni wimbi kubwa la buluu lililoinuka kama mkono wenye makucha, na chini yake mashua tatu. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Kyela, alipoiona mara ya kwanza alisema, "Jamani, hii ni Matema!"

Si Matema. Ni bahari ya Kanagawa, nchini Japani. Aliyeichora ni mzee Katsushika Hokusai, mnamo mwaka 1831, naye alikuwa amekwisha kuvuka miaka 70. Mzee alichora, fundi mchongaji akauchonga mchoro ule kwenye vibao vya mti, na fundi mwingine akavipaka rangi na kulaza karatasi juu yake, kibao kimoja baada ya kingine. Kwa njia hiyo zilipatikana nakala nyingi, na hata mtu wa kawaida aliweza kununua yake. Picha yenyewe si kubwa, ni sentimita 25 kwa 37 hivi.

Itazame vizuri. Katikati, chini ya wimbi, utaona kitu kama kilima cheupe. Huo ndio mlima Fuji, mrefu kuliko yote Japani, wenye mita 3,776! Tena picha hii ni moja ya mfululizo uliochorwa kwa ajili ya mlima huo. Je, mlima umepungua? La, haukupungua. Wimbi ndilo lililo karibu.

Mwenzetu wa Kyela hakukosea sana. Matema nako milima ya Livingstone imesimama juu ya Ziwa Nyasa, na upepo ukivuma wavuvi huinama katika mitumbwi yao vile vile. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe huvusha vyungu vyao kwa mitumbwi kwenda kuviuza. Lakini siku ya mawimbi havuki mtu, awe na vyungu au awe na uchungu.

Huko ufukweni, tulipokwenda na wenzetu wa Mbeya kuwatembelea akina mama, tulikutana na mama mmoja ambaye kwa miaka 11 hajala chakula nyumbani kwa mama mkwe wake. Uchungu wa mtoto wake wa kwanza ulimshika siku ya mawimbi. Alijifungulia nyumbani, na mama mkwe ndiye aliyempokea mtoto na kukata kitovu kwa kisu cha jikoni. Mtoto alinyonya vizuri siku za kwanza. Siku ya sita akashindwa kunyonya, taya likakaza, mwili ukawa mgumu kama ubao. Siku ya nane akafariki. Majirani wakanong'ona kwamba ni mkono wa bibi yake.

Sisi wauguzi tulipomsikiliza tuliutambua ugonjwa ule. Ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na kinyesi cha wanyama, huingia kwa kitovu kilichokatwa kwa kitu kichafu au kilichopakwa samadi, na sumu yao hukaza misuli. Je, tumwambie? Tukisema ni kisu, si tutakuwa tumemhukumu bibi kwa namna nyingine? Tulishauriana, kisha tukamweleza yote polepole: kwamba hakuna uchawi, na kwamba bibi alikata kitovu kama yeye mwenyewe alivyokatiwa wanawe, akitaka mjukuu aishi.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo, dada, hata yeye alifiwa."

Hatukumwambia aende kwa mkwewe. Baada ya wiki mbili alikwenda mwenyewe, amebeba kilo moja ya sukari.

Sasa sikilizeni jambo lililotushangaza. Mwaka 2024 Japani ilitoa noti mpya ya yeni 1,000. Upande mmoja wamechapa wimbi lile lile la Hokusai. Upande wa pili kuna sura ya daktari Kitasato Shibasaburo. Huyu ndiye aliyefanikiwa kwanza kukuza vijidudu vya pepopunda peke yake katika maabara, huko Berlin, mwaka 1889. Mwaka uliofuata yeye na mwenzake Emil von Behring walionyesha kwamba damu inaweza kutengeneza kinga dhidi ya sumu hiyo. Hapo ndipo ulipoanzia mwendo ulioleta chanjo tunayochomwa kliniki.

Basi, mama mjamzito, wahi kliniki mapema. Kama hujawahi kuchanjwa, utachomwa sindano ya kwanza mara ufikapo, na ya pili baada ya wiki nne. Ya tatu ni baada ya miezi sita, ya nne baada ya mwaka mmoja, na ya tano baada ya mwaka mwingine. Kinga yako humfikia mtoto tumboni. Wapo wanaosema sindano hii huondoa uzazi, si kweli. Unayekaa mbali na hospitali, usingoje uchungu. Hamia karibu kabla ziwa halijachafuka au mto haujajaa. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya, kisipakwe samadi wala majivu. Mtoto akiacha kunyonya, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe uliyekwisha kufiwa, ukamnunia mtu miaka mingi, mwulize muuguzi kilichomwua mtoto wako kabla hujaamini mnong'ono. Wimbi likiwa karibu hufunika hata mlima, lakini mlima uko pale pale.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.