Ukoka au Sangari? Tazama Suke

Familia nyingi za mjini zina kijishamba mahali fulani, ama nyuma ya nyumba ama kule mashambani. Mvua ikikaribia, jembe hutafutwa na watoto huitwa kusaidia. Lakini kabla hujalima, hebu zitazame nyasi zinazotambaa hapo. Ukidhani sangari ni ukoka tu, huenda ukatoa jasho msimu mzima bila faida.

Nyasi hizi mbili hufanana, hasa zikiwa changa. Zote hutambaa na kuota mizizi kwenye vifundo. Tofauti hudhihirika zinapotoa masuke. Suke la ukoka ni kama kiganja kilichokunjuliwa: vidole vitatu hadi sita, vyote vikianzia mahali pamoja kwenye ncha ya bua. Vidole vya sangari hupangana juu ya bua, kimoja baada ya kingine.

Ukoka utauona kila mahali: viwanjani, kando ya barabara na nyuani, tangu Pwani hadi bara. Huvumilia kukanyagwa na hushika udongo usichukuliwe na maji. Sangari, ambayo wataalamu huiita Digitaria abyssinica kwa kukumbuka Abisinia, jina la zamani la Ethiopia, hupenda ardhi inayolimwa. Wakulima wa kahawa na mahindi katika nyanda za juu wanaifahamu vyema.

Ubaya wa sangari umo ardhini. Huko hutandaza vishina vyembamba vilivyosukana kama wavu, vikinyang'anya mimea maji na chakula. Ukivikata kwa jembe, kila kipande chenye kifundo chaweza kuchipuka. Hivyo, kadiri unavyokatakata ndivyo unavyoipanda!

Ufanyeje basi? Chimba wakati wa kiangazi kwa jembe la meno, ambalo huvuta vishina badala ya kuvikata. Kung'uta udongo, vikusanye, uvianike juani hadi vikauke kabisa. Kisha panda viazi vitamu. Majani yake hufunika ardhi, na sangari haipendi kivuli. Rudia kila kipandapo kichipukizi.

Nanyi wanafunzi, chumeni suke la kila aina, mlibandike daftarini na kuandika mlikolipata. Mwakani, baba na mama watawauliza ninyi kabla ya kushika jembe.