Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: Mume wangu alisikia

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi wa hospitali ya rufaa ya mkoa wetu,

Nakuandikia kuhusu maneno yaliyotamkwa kwenye kliniki yako ya magonjwa ya wanawake mwezi wa tatu. Daktari alitazama majibu ya altrasaundi, akafunga faili langu, akasema: "Mama, hapa hakuna kitu. Hayo ni mawazo tu." Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Alisikia.

Nilikuja na maumivu ya nyonga ya miaka sita. Nimetibiwa yutiai mara nyingi bila hata mkojo kupimwa, bibi amenichemshia mizizi ya chango, nimemeza diklofenaki mpaka tumbo likawaka. Usiku najaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, naiviringishia khanga, nalala nimeikumbatia. Ngozi ya tumbo sasa ina madoa ya kahawia yaliyosukana kama wavu. Daktari hakuyaona, maana hakunipandisha kitandani.

Tangu siku ile, nikisema naumwa naambiwa, "Si walisema huna kitu?" Nikikataa tendo la ndoa, huna kitu. Nikishindwa kuinama kufua, huna kitu. Mama mkwe naye amelidaka neno hilo. Kazini nimepewa onyo la utoro, hilo nalibeba. Lililonivunja ni kwamba hata mimi nilianza kuamini. Naamka saa tisa usiku, jasho linanitoka, najiuliza: naumwa kweli, au najitungia? Nikanyamaza. Mwezi mzima sikumwambia mtu kwamba naumwa, na asubuhi moja kituoni nililitazama basi likija kwa kasi, nikawaza jambo ambalo sitaliandika hapa.

Wewe unajua kwamba endometriosisi, ugonjwa unaoweza kuleta maumivu ya nyonga kama haya, inaweza kuwepo na altrasaundi isionyeshe kitu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inampata mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa; hao wamo kwenye foleni yako kila Jumanne. Unajua pia kwamba maumivu yakidumu, mishipa ya fahamu huwa myepesi kushtuka, misuli ya nyonga hukaza, usingizi hukimbia, na hofu na huzuni huyaongeza maumivu yenyewe. Kwa hiyo mawazo yamo, sikatai. Yalistahili kutibiwa pamoja na nyonga. Lipo dodoso la maswali 9 la kupima sonona, lipo kwa Kiswahili, halihitaji mashine wala umeme. Sikuulizwa hata swali moja.

Na si kliniki yako peke yake. Shuleni tuliambiwa tuvumilie, unyagoni tukaambiwa tuvumilie, na tulipofika kwenu, wenye elimu, mkatuambia hatuumwi. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kiliandika kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Ninyi mmeikanyaga kauli yangu mbele ya mtu ninayelala naye kitanda kimoja.

Naomba faili langu lifunguliwe upya, nipimwe kwa mikono, na pale palipoandikwa "hana tatizo" paandikwe ukweli: chanzo bado hakijajulikana. Kisha mwiteni mume wangu. Akae kwenye kiti kilekile, na daktari yuleyule amwambie kwamba mkewe anaumwa. Mimi nimeshamwambia, haniamini.