Waini, siasa na ulimi wangu

Nilikuwa Mnazi, Lushoto, kule tambarare chini ya milima ya Usambara, kwenye mkonge na joto. Kabla hamjacheka: Mnazi ni jina la mahali, siyo ule wa kugema. Nilikwenda kwa habari nyingine kabisa, lakini mshikaji wangu wa chuo, ambaye siku hizi ni mwalimu huko, alinionya nisije mikono mitupu.

Nikaenda na chupa tatu: nyekundu ya Dodoma, nyekundu ya Afrika Kusini, na moja ya ndizi niliyoipata kwa masista jirani na mji wa Lushoto. Hakuna iliyozidi 20,000/-. Mshahara wa mwandishi mnaujua. Nilipopita Soni nilitamani kuchepuka hadi Sakharani, ambako Wabenediktini wana mizabibu yao na wanatengeneza mvinyo wao, lakini basi halimngoji mtu.

Tulikaa uani, siyo barazani. Wazee wa jirani walikuwa wanarudi kutoka msikitini, na heshima haigharimu kitu. Friji hakuna, kwa hiyo chupa zilishinda ndani ya mtungi wa maji. Ya Dodoma ina kizibo, kizibuo hatuna, tukakisukumia ndani kwa mpini wa kijiko. Vikombe vya chai vikawa glasi.

Sasa nikiri jambo. Mimi waini nanunua kwa siasa. Naona ndivyo tulivyolelewa. Tarehe 26 Juni 1959, pale London ilipozinduliwa kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini, mmoja wa waliosimama kuzungumza alikuwa Nyerere, wakati Tanganyika yenyewe bado haijapata uhuru. Baadaye tukawapa wapigania uhuru wa ANC ardhi na shule pale Mazimbu, Morogoro. Chupa ya Kaburu mezani ilikuwa aibu. Ubaguzi uliisha, uchaguzi wa 1994 ukafanyika, na leo waini za Cape zimejaa kwenye maduka yetu. Lakini mkono wangu bado unaenda Dodoma wenyewe.

Basi nikamwambia mwalimu: mimina kwa siri, nitakwambia ipi ni ipi.

Ya ndizi niliijua kwa harufu tu. Kikombe cha pili kilikuwa na utamu wa sukari mbele na ukakasi nyuma, kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Nikakunja uso. Cha tatu kiliteleza vizuri, kina uchachu kidogo, kinakuita urudie. Nikakiinua juu: "Hii hapa Dodoma! Hili ni jua la Hombolo!"

Mwalimu alicheka mpaka akamwaga chake. Cha tatu ndicho kilikuwa cha Kaburu.

Nilinyamaza. Kwanza nikajitetea: joto la Mnazi, mtungi, vipande vya kizibo vinavyoelea. Lakini chupa zote zililala mtungi mmoja. Ukweli ni kwamba kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisifu kitu ambacho ulimi wangu, ukiachwa peke yake, hausifu.

Mwalimu hakuniacha. "Aprili 2025 ulikuwa upande gani?" Mnakumbuka: serikali yetu ilizuia mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi. Moja ya sababu ni kwamba Afrika Kusini ilikuwa haipokei ndizi zetu. Mimi nilishangilia, ndizi za milima hii ndizo nilizokulia. Zuio likaondolewa baada ya siku chache tu, wakubwa wakarudi kuzungumza. Mwalimu akaendelea: "Na anayechuma zabibu kule Cape huenda ni mjukuu wa yule yule mliyemsusia Kaburu kwa ajili yake. Leo unamsusia yeye kwa ajili ya nani?"

Swali zuri, na jibu langu ni hili: kwa ajili ya mkulima wa Dodoma. Mizabibu ililetwa kule na wamisionari wa Kiitaliano, Bihawana, miaka ya 1950, na mpaka leo maelfu ya kaya zinaitegemea. Inavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ulaya hawalijui. Hata hivyo wakulima wamelalamika msimu baada ya msimu kwamba zabibu zinaozea shambani kwa kukosa mnunuzi. Serikali nayo inafanya siasa yake ndani ya chupa: katika bajeti ya 2017/18, ushuru wa bidhaa kwa mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 ulikuwa 200/- kwa lita, na ule wa zabibu za nje 2,349/-.

Kwa hiyo siachi kununua Dodoma. Ninachoacha ni kudanganya. Kususia kwa mwaka 1959 kulikuwa na maana kwa sababu hakuna aliyedai kwamba tufaa la Kaburu ni chungu. Watu waliliacha huku wakijua ni tamu. Hiyo ndiyo siasa yenye gharama. Mimi nimekuwa nikitaka ya bure: ninunue cha nyumbani, halafu niwaambie watu ndicho bora, hata kama meno yamekufa ganzi. Uzalendo wa namna hiyo unamsaidia mtengenezaji mvivu anayejua tutanunua tu. Mkulima haumsaidii, maana mgeni akionja mara moja harudi, na zabibu zinabaki shambani.

Tangu sasa chupa ya kwanza nitachagua kwa siasa. Ya pili lazima ulimi ukubali, na usipokubali nitasema wazi, kisha nijaribu chapa nyingine ya Dodoma. Zipo nzuri, nimeshazionja. Ile ya usiku ule haikuwa mojawapo.

Na ya ndizi? Hiyo ndiyo iliisha kwanza. Kama jirani hataki ndizi zetu zikiwa kwenye mkungu, labda tumpelekee zikiwa kwenye chupa.

Ninyi wenzangu mnanunua kwa ulimi au kwa kura? Semeni ukweli tu.

Alamsiki.