Dakika Chache za Mariga, na Karatasi Zilizomfungia Mlango

Usiku wa Jumatano tarehe 28 Aprili 2010 nilikuwa Wang'uru, ule mji wa mpunga ulio kando ya barabara itokayo Makutano kwenda Embu, ambao wenyeji wake wengi huuita Ngurubani. Nilikuwa nimepanda kutoka Mombasa kutafuta mchele. Jamaa yangu alikuwa na arusi, na msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kwamba arusi isiyo na pishori wageni hurudi makwao na la kusema. Magunia tulikwisha kuyapima mchana. Baada ya sala ya Isha, mwenyeji wangu, mwuza mchele wa makamo, akanambia: "Mzee wa Mombasa, usilale mapema. Leo kijana wetu yuko Barcelona."

Tukaenda. Banda lilikuwa la mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza, na watu wamejazana na matope ya masika miguuni. Neno lililonishika lilikuwa lile "wetu". McDonald Mariga Wanyama si mtoto wa Kirinyaga. Alizaliwa Nairobi mwaka 1987, na baba yake, Noah Wanyama, alichezea AFC Leopards, timu ya Waluhya tangu jadi. Na Kenya ilikuwa imetoka miaka miwili tu katika zile ghasia za uchaguzi, ambapo mtu aliulizwa jina lake kabla ya kuulizwa hali. Lakini ndani ya banda lile hakuna aliyeuliza kabila la mtu. Walichotaka kujua ni kama ataingia.

Inter Milan ilikuwa imeshinda mechi ya kwanza 3-1 kwao, na sasa ilikuwa ugenini katika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa la Ulaya. Dakika ya 28 Thiago Motta akatolewa kwa kadi nyekundu. Wakabaki kumi, wakajifungia nyuma kama watu waliozuiwa na mvua. Dakika ya 84 Gerard Piqué akafunga, na bao moja zaidi lingewatoa. Dakika ya 86 kocha José Mourinho akamwita benchini mshambuliaji wake Samuel Eto'o, naye nani akasimama mstarini? Banda lilipiga kelele hata sikumsikia mtangazaji. Barcelona wakatia mpira wavuni tena katika dakika za nyongeza, refarii akalikataa bao kwa kosa la mkono. Mechi ikaisha hivyo hivyo, 1-0, Inter ikapita kwa jumla ya 3-2.

Dakika chache mno. Aligusa mpira mara ngapi? Wala sikuhesabu. Lakini kazi ya kiungo ndivyo ilivyo, na Wang'uru ni mahali pazuri pa kuielewa. Mpunga wa Mwea hunywa maji ya mito Thiba na Nyamindi yaletwayo kwa mifereji, mifereji ambayo ilianza kuchimbwa kwa mikono ya wafungwa wa Mau Mau wakati wa Hali ya Hatari. Mtu wa kufungua na kufunga maji anapokosea, shamba la mwisho wa mfereji hukauka. Anapopatia, hakuna anayemtaja siku ya mavuno. Mariga alikuwa mchezaji wa namna hiyo: mrefu, mwenye nguvu, wa kukata mpira wa adui na kumpa mwenzake aliye karibu.

Njia yake ilikuwa ya mzunguko. Alicheza Nairobi, akaenda Sweden, kwanza Enköping kisha Helsingborg. Mwaka 2007 akatua Parma na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza ligi kuu ya Italia. Parma ikashuka daraja mwaka 2008, naye akashuka nayo, akapanda nayo tena mwaka 2009. Ligi ile, wajuao kandanda watakwambia, haina huruma na kiungo. Mtaliano humfundisha mchezaji wa kati asimame wapi kabla ya kumfundisha apige vipi, na kijana akikosa nidhamu hiyo hachezi hata akiwa na miguu ya dhahabu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko medali zake. Januari 2010, kabla ya Inter, aliyemtaka alikuwa Manchester City ya Uingereza. Mazungumzo yalifika mbali. Kilichokwamisha ni kibali cha kazi. Kanuni ya Waingereza wakati huo ilitaka timu ya taifa ya mchezaji iwe miongoni mwa 70 bora duniani katika orodha ya FIFA, na Harambee Stars haikuwa karibu na hapo. Habari zikaenea kwamba hata Waziri Mkuu Raila Odinga aliingia kati kumwombea. Haikufaa kitu. Kijana akabaki Italia, na siku ya mwisho ya usajili Inter ikamchukua.

Mtu atasema, basi Mungu alimchagulia la heri, kwani msimu huo Inter ilitwaa ligi, kombe la Italia na Kombe la Klabu Bingwa, na tarehe 22 Mei mjini Madrid Mariga alikuwa benchini walipoifunga Bayern Munich 2-0. Alhamdulillahi. Lakini tazama kilichomzuia. Uwezo wake haukuulizwa. Aliulizwa chama chake cha kandanda kimefanya nini. Kenya ilisimamishwa na FIFA mwaka 2004, ikasimamishwa tena mwaka 2006, na sababu ilikuwa ile ile, ugomvi wa wakubwa juu ya viti. Baada ya fainali za Afrika za 2004 nchini Tunisia, Kenya haikurudi katika fainali hizo mpaka 2019 kule Misri, mdogo wake Victor Wanyama akiwa nahodha. Kiungo wa Inter Milan alimaliza miaka yake mizuri yote bila kucheza hata mechi moja ya fainali hizo kwa nchi yake.

Yaliyofuata Ulaya nayapitia upesi: Real Sociedad ya Hispania kwa mkopo mwaka 2011, Parma tena kwa mkopo, majeraha, kisha Latina na Real Oviedo katika daraja la pili. Aliporudi nyumbani akaingia siasa, akagombea ubunge wa Kibra kwa tiketi ya Jubilee, Novemba 2019. Hapo napo karatasi zikamfuata. Msimamizi wa uchaguzi kwanza alimkataa kwa kuwa jina lake halikuonekana katika daftari la wapiga kura, hata akaruhusiwa kwa rufaa. Akashindwa na Imran Okoth wa ODM. Mimi sikusikitika. Kampeni ile ilimtumia kama picha ya ukutani.

Tarehe 7 Desemba 2024 mambo yakageuka. Hussein Mohammed alichaguliwa rais wa Shirikisho la Kandanda la Kenya, na makamu wake ni Mariga. Yaani ameketi katika afisi ile ile ambayo udhaifu wake ulimfungia mlango wa Uingereza. Na ameketi wakati mzito: Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa fainali za Afrika za 2027, na Agosti 2025 tulikwisha kuonja katika mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Kenya ilipoifunga Morocco 1-0 kule Kasarani kabla ya kutolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti.

Wa pwani tuna haki ya kuuliza maswali yetu. Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na wazee wetu hata leo humtaja Ali Kajo kwa sauti ya mtu anayetaja jamaa aliyesafiri. Uwanja wa Manispaa ya Mombasa ulibomolewa ujengwe upya, miaka ikapita na vijana wetu wakaendelea kuchezea mchanga. Je, makamu wa rais anayajua haya? Natumai anayajua. Yeye mwenyewe alilelewa na viwanja vya vumbi.

Mwaka jana nilipanda tena Wang'uru kwa mchele. Banda lile sasa ni duka la simu. Mwenyeji wangu amezeeka, meno mawili yametoka, lakini kandanda haijamtoka. Nilimwuliza kama ana furaha kumwona kijana wake afisini. Akafunga gunia kwa sindano na uzi, akakata uzi kwa meno yaliyobaki, akasema: "Ana furaha gani mtu wa mwisho wa mfereji, mzee? Nangoja maji." Kisha akaniuliza kama nitachukua magunia manne au matano.