Kipimo Kwanza, Sifa Baadaye

Katika duka langu la dawa hapa Tanga, haupiti mwezi bila mtu kuulizia majani ya artemisia. Siyauzi. Wapo wanaoniona kibaraka wa viwanda vya ng'ambo, na sishangai, maana dawa mseto ya malaria ninayowapa, vile vidonge 24 vya siku tatu, asili ya kiungo chake kimoja ni mmea huohuo. Iweje nikubali kidonge nikatae jani?

Jibu linaanzia Beijing mwaka 1971. Mtafiti Tu Youyou na wenzake walikuwa wamehangaika na mimea mingi ya kutibu malaria, artemisia ikiwamo, na matokeo yalikuwa kigeugeu. Akarudi kukisoma kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, akaona kwamba mzee yule hakuchemsha: aliloweka majani, akayakamua, mgonjwa akanywa maji yake. Mama huyu akashuku kuwa moto ndio unaoharibu dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 tu, kisha akaitenga sehemu yenye asidi, ambayo ndiyo ilikuwa na sumu. Oktoba mwaka huo sampuli namba 191 ikaua vimelea vyote katika panya. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakaionja dawa wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, na mwaka huohuo zikapatikana fuwele safi za artemisinini, kiini cha dawa hiyo. Tuzo ya Nobeli ilikuja 2015.

Hakumdharau Ge Hong, wala hakuishia kumsifu. Sisi tumebobea kwenye kusifu.

Nendeni kwenye maonyesho ya Sabasaba mkaone: chupa za kila rangi, kila moja inatibu magonjwa kumi, na hakuna hata moja iliyoandikwa ina miligramu ngapi za nini. Mwaka 2020 serikali yetu ilituma ndege Madagaska kuchukua kinywaji cha artemisia cha kutibu korona. Ndege tulikuwa nayo. Majibu ya majaribio tungeyasubiri kwanza.

Majani makavu ya artemisia iliyo bora huwa na artemisinini kama asilimia 0.5 hadi 1, yaani gramu 5 hadi 10 kwa kilo. Mengine yana chini ya hapo, kutegemea mbegu, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha. Tena kemikali hii huyeyuka kwa shida sana kwenye maji, ndiyo maana viwandani majani hulowekwa kwenye heksani, kimiminika kikavukizwa, na fuwele zikasafishwa tena na tena. Kwa hiyo kikombe cha chai ya artemisia ni kama mshahara usiotajwa kiasi: leo kingi, kesho hakuna. Homa ikishuka kidogo mtu anajiona amepona, kumbe vimelea vimepunguzwa tu, na vinavyobaki vinaweza kuizoea dawa. Na tayari Kagera, Rwanda na Uganda vipo vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za artemisinini. Shirika la Afya Duniani halishauri chai hiyo kwa malaria, na kwa hili niko upande wao.

Lakini msidhani nawatetea wenye viwanda. Wakulima wa Arusha na Iringa waliwahi kuhamasishwa kulima artemisia, bei ya dunia ikaporomoka, wengi wakaiacha. Mkulima anayeuza majani kwa kilo bila kujua yana asilimia ngapi, bei anapangiwa na mwenye mashine ya kupimia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko chupa za Sabasaba.

Wataalamu tunao. Muhimbili kuna taasisi ya dawa asilia tangu 1974. Kinachokosekana ni kuwafikia mganga wa Handeni na mkulima wa Mufindi kwa gharama wanayoimudu. Waziri wa Afya, fedha za maonyesho ya tiba asili zipelekwe kwenye maabara za kanda: mganga alete mzizi wake, upimwe sumu na kiini chake, jina la mganga liandikwe kwenye cheti cha matokeo ili asiibiwe, na bila cheti hicho chupa isiuzwe. Nanyi wateja wangu, homa ikiwashika, pimeni malaria kwanza, na mkipewa dozi mmalize vidonge vyote 24.