Simu ni marufuku shuleni, basi nani atawafundisha watoto kuitumia?

Jioni, katika nyumba nyingi za Goma, na zaidi katika zile zilizopokea familia za wahami, simu ni moja kwa watu wanane au kumi. Ni ya baba au ya mama, lakini anayeijua vizuri ni mtoto wa darasa la sita au la saba. Yeye ndiye anasoma ujumbe ulioandikwa kwa Kifaransa. Yeye ndiye anaangalia kama pesa imeingia, na mara nyingi ndiye anaandika namba ya siri, kwa kuwa mama hana miwani au hakupata bahati ya kusoma. Asubuhi mtoto huyohuyo anafika shuleni, na kwenye kanuni zilizobandikwa mlangoni anakuta: simu ni marufuku.

Kanuni hiyo si mbaya. Katika darasa la watoto sitini, simu kumi zikilia hakuna somo tena. Wazazi pia wana hofu zao, na ni hofu za kweli: picha chafu, wanaume wasiojulikana wanaowaandikia wasichana usiku, majibu ya mtihani yanayouzwa kwenye WhatsApp. Prefe anayekamata simu darasani anafanya kazi yake. Shida ni kwamba akiisha kuikamata, shule inanyamaza. Mtoto anarudi nyumbani, anaishika tena, na yule anayemfundisha namna ya kuitumia ni rafiki wa mtaani, au mwizi.

Tangu 2018 programu mpya ya sayansi kwa darasa la saba na la nane ina sehemu ya teknolojia ya habari na mawasiliano, ile wanafunzi wanaiita TIC. Ni hatua nzuri. Lakini katika shule nyingi mwalimu hana kompyuta, hana umeme, basi anachora kompyuta kwa chaki kwenye ubao. Wanafunzi wanachora nao katika daftari, wanakariri majina ya sehemu, na siku ya mtihani wanajibu. Mtoto anaweza kupata pointi nyingi bila kugusa hata kibonye kimoja. Mwalimu asilaumiwe kwa hilo, maana hata mshahara wake wengine wanausubiri kwa miezi. Ila ajiulize kwa nini anachora mashine ambayo mtoto hana, wakati ile iliyoko nyumbani kwao hakuna anayeizungumzia.

Kwa sababu shida iko kwenye hiyo iliyoko nyumbani. Tangu mabenki ya Goma yafunge milango mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, pesa ya simu ndiyo imebeba maisha ya watu wengi: ndugu walio Kinshasa au Kampala wanatuma kwa simu, na hata misaada mingine inapitia humo. Wezi nao wanajua. Ujumbe unaingia: umechaguliwa kupata msaada, tuma namba yako ya siri ili upokee. Au mtu anapiga simu kwa sauti ya huruma, anasema ametuma pesa kwa makosa, mama amrudishie haraka. Mtoto anausoma ujumbe kwa sauti, mama anafurahi, na baada ya dakika mbili chakula cha mwezi mzima kimekwenda.

Somo la kuzuia wizi huo halihitaji kompyuta wala mega. Mwalimu aandike ujumbe huo kwenye ubao jinsi ulivyo, kisha awaulize wanafunzi: uongo uko wapi? Watauona wenyewe. Anayetuma pesa hahitaji namba ya siri ya anayepokea, hata siku moja. Anayedai amekosea, kwanza salio liangaliwe kwa namba ya kampuni yenyewe, kwa sababu ujumbe wa «umepokea dola 50» mtu yeyote anaweza kuuandika. Hayo yanafundishwa kwa saa moja, na jioni yatakuwa yamefika katika nyumba sitini.

Kisha kuna uvumi, na wakaaji wa Kivu wameulipia bei kubwa. Wakati wa Ebola, kuanzia mwezi wa nane 2018 hadi mwezi wa sita 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa, wengi katika Kivu Kaskazini, huku ujumbe ukizunguka kwamba ugonjwa haupo au kwamba chanjo ndiyo inaua. Mwezi wa pili 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Uvumi peke yake haukuwasha moto ule, lakini uliwatayarishia njia waliouwasha.

Mwaka 2021 ilikuwa zamu ya Nyiragongo. Volkano ililipuka jioni ya tarehe 22 mwezi wa tano, na siku tano baadaye, usiku wa manane, viongozi wakaagiza mitaa kumi ya Goma ihame mara moja. Agizo lilikuwa la kweli. Lakini kwenye simu lilifika pamoja na sauti nyingine nyingi, za watu wasiojitaja, wakisema ziwa linalipuka sasa hivi. Familia zilikimbia kuelekea Sake, Minova, Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na watoto wengi wakapotezana na wazazi njiani. Nani alimfundisha kijana wa miaka kumi na tano kutofautisha sauti hizo?

Ujumbe wa sauti hauna tarehe ndani yake. Ule wa mwaka jana unaweza kurudi leo na watu wakabeba magodoro. WhatsApp yenyewe inaweka mishale miwili juu ya ujumbe uliopitishwa mara nyingi, na watu wengi wanaiona kila siku bila kujua maana yake. Mwanafunzi anayejua ataanza kuuliza nani amesema, lini, na akiwa wapi, kisha atasubiri habari za redio au kumpigia mtu aliye mahali penyewe kabla ya kurusha ujumbe kwa wengine. Atajua pia kwamba picha ya maiti au ya watu wenye silaha ikikaa kwenye simu yake inaweza kumponza njiani. Na kwamba picha ya mtoto aliyepotea, ikiwekwa Facebook pamoja na jina la mama na alama zote za mwilini, inampa mwongo kila kitu anachohitaji ili aje kumdai. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kwa Msalaba Mwekundu, ambao una kazi hiyo ya kuunganisha familia.

Serkali nayo ina sheria ya dijitali tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Anayeanzisha au kupitisha habari ya uongo juu ya mtu kwenye mitandao anaweza kufungwa mwezi mmoja hadi sita. Vizuri. Ila vijana wangapi wamewahi kusomewa sheria hiyo darasani? Kuna somo la uraia, mahali pake ni hapo.

Wengine watasema shule hazina uwezo. Mwezi wa tatu 2020, Covid ilipofunga shule zote, masomo yalipitia redioni, na watoto walikaa kando ya redio na daftari zao. Kama hesabu ilipita redioni, somo la namba ya siri litashindwa na nini? Redio za mitaa zinaweza kulitoa kwa Kiswahili mara moja kwa wiki, saa ambayo mama naye yuko nyumbani, na watoto wa wahami ambao hawajapata shule bado watalisikia pia.

Mwezi wa tisa, shule zikifunguliwa, kamati za wazazi zitakaa na wakubwa wa shule kuzungumza juu ya yunifomu, madawati na choo. Mzazi anaweza kusimama na kumwuliza prefe, kwa heshima: simu mmeikataza, tumekubali, basi somo la simu mmeliweka siku gani?