UCHAMBUZI: Mwanga wa HID usituponze, nyaya za gari zikaguliwe kwanza

YEYOTE anayesafiri usiku katika barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa anaijua adha hii. Gari linachomoza mbele likiwa na taa nyeupe zinazokaribia rangi ya samawati, na kwa muda dereva anayekabiliana nalo haoni chochote: si ukingo wa lami, si mwenda kwa miguu, wala si lori lililoharibikia kando ya njia.

Lawama kuhusu taa hizi, zijulikanazo kama HID, kwa kawaida huishia hapo kwenye macho ya wengine. Ni lawama ya haki. Hata hivyo, ipo hatari nyingine isiyozungumziwa sana, nayo humkabili mwenye gari mwenyewe. Imejificha chini ya boneti, katika nyaya.

Itakumbukwa kwamba taa za HID si uvumbuzi wa jana. Zilianza kuonekana katika magari ya BMW mwaka wa 1991. Magari hayo yalitengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya taa hizo, kuanzia unene wa nyaya hadi umbo la kioo cha taa. Kinachouzwa madukani na kufungwa na mafundi wetu wa jua kali ni kitu tofauti: balbu mbili, balasti mbili na vipande vya nyaya, vyote vikikusudiwa kupachikwa katika gari lililoundwa kutumia balbu za kawaida za halojeni.

Balbu ya halojeni hung'aa kwa sababu uzi mwembamba ulio ndani yake hupata moto. Balbu ya HID haina uzi. Mwanga wake hutokana na cheche ya umeme inayopita katika gesi. Ili cheche hiyo iwake, balasti hulazimika kuchukua volti 12 za betri na kuzipandisha kwa nukta moja hadi zaidi ya volti 20,000. Baadaye hutulia na kutumia takriban wati 35.

Hapa ndipo kosa la kwanza huanzia. Fundi atamwambia mteja kwamba balbu ya zamani ilitumia wati 55 na hii mpya inatumia 35 tu, kwa hivyo nyaya zilizopo zinatosha na kubaki. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba taa ikishatulia huvuta takriban ampea 3, ilhali ya halojeni huvuta kati ya 4 na 5. Lakini katika sekunde za kwanza za kuwaka, balasti huweza kuvuta mara mbili au tatu ya kiasi hicho. Taa mbili zikiwaka pamoja, fyuzi ya ampea 10 au 15 huweza kukatika.

Kosa la pili ni baya zaidi. Fyuzi inapokatika mara kwa mara, fundi asiye na subira huiondoa na kuweka kubwa zaidi, au huunganisha kipande cha waya mahali pake. Taa zitawaka, na mteja ataondoka akitabasamu. Asichoambiwa ni kwamba fyuzi haikuwekwa kuilinda taa. Iliwekwa kuulinda waya. Ikiondolewa, waya mwembamba ndio unaogeuka kuwa fyuzi, nao ukiyeyuka huyeyukia miongoni mwa plastiki, mafuta na mipira iliyo karibu na injini.

Fauka ya hayo, magari yetu mengi huingia nchini yakiwa tayari yametumika kwa miaka kadhaa, hasa Japani, kisha hutumika hapa kwa miaka mingine mingi katika joto, vumbi na mashimo. Viungo vya nyaya hushika kutu na swichi huchakaa. Umeme unaotoka kwenye betri ukiwa na nguvu kamili hufika kwenye taa ukiwa umepungua.

Balbu ya halojeni ikipata volti chache hufifia tu na kuvuta umeme kidogo. Balasti haikubali kufifia. Ikipata volti chache huvuta umeme mwingi zaidi ili kufidia upungufu huo. Kwa hivyo kadiri nyaya zilivyo dhaifu, ndivyo zinavyobebeshwa mzigo mkubwa na kuzidi kupata moto. Mwenye gari huona taa nzuri huku plastiki ya soketi ikigeuka kahawia polepole.

Basi mtu aliyeamua kuzifunga afanyeje? Jibu la mafundi wenye ujuzi ni moja: usiulazimishe waya wa zamani kubeba kazi mpya. Umeme wa balasti utoke moja kwa moja kwenye betri kupitia waya mnene, wa milimita mraba 2.5 au zaidi, ukiwa na fyuzi yake iliyofungwa karibu kabisa na betri. Waya wa zamani wa taa ubakiwe na kazi moja tu, ya kuiamuru rilei iwashe na kuzima. Kwa njia hiyo swichi ya dereva haibebi mzigo wowote mkubwa.

Waya wa kurudisha umeme nao hausamehewi. Ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, wala si kwenye skrubu yoyote iliyo karibu. Nyaya zinazotoka kwenye balasti hadi kwenye balbu hubeba volti za kuua na hazifai kukatwa wala kuungwa asilani. Balasti yenyewe ifungwe imara kwenye chuma, mbali na maji na joto la injini, wala isiachwe ikining'inia.

Kuna mtego mwingine ambao huwapata hata mafundi wazoefu. Katika magari mengi ya Kijapani, swichi ya taa hukata waya wa kurudisha umeme badala ya ule unaouleta. Fundi asiyepima kabla ya kuunga hujikuta na taa zisizozimika au zisizobadilika kutoka mwanga wa juu hadi wa chini. Katika magari ya kisasa, kompyuta hupeleka umeme kwenye taa kwa mapigo ya haraka, na balasti nyingi haziwezi kustahimili mapigo hayo. Huzima na kuwaka ovyo, kisha huharibika.

Tuseme basi kwamba yote haya yamefanywa sawasawa. Je, taa hizo zitakuwa salama? La hasha. Nyaya bora huliepusha gari na moto, lakini haziwezi kuurekebisha mwanga unaotawanyika. Kioo cha taa ya halojeni kiliundwa kuzunguka uzi mdogo ulio mahali maalumu. Cheche ya HID ina umbo jingine, na mwanga wake huruka hadi machoni mwa anayekuja. Ndiyo maana Uingereza gari lililobadilishwa hivyo huanguka katika ukaguzi, na wadhibiti wa Marekani wameshikilia kwamba vifaa hivyo haviwezi kutimiza kanuni za taa za nchi hiyo.

Hapa nchini, Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), iliyobuniwa kwa sheria ya mwaka wa 2012, ina jukumu la kukagua magari. Ukaguzi wa taa usiwe wa kutazama tu iwapo zinawaka. Mkaguzi afungue boneti, aitafute fyuzi na kufuata waya ulikotoka. Dakika chache za kufanya hivyo zinaweza kuokoa matatu nzima ya abiria.

Kwa mwenye gari anayelalamika kwamba haoni barabara usiku, ushauri ni kwamba asikimbilie dukani. Injini ikinguruma na taa zikiwa zimewashwa, fundi apime volti kwenye betri, kisha apime kwenye balbu. Tofauti ikizidi nusu volti, mgonjwa ni waya. Balbu ya halojeni inayopungukiwa na volti kwa asilimia 10 hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake. Wengi wanaodhani wanahitaji HID wanahitaji rilei mbili, waya mpya, na kusafishwa kwa plastiki ya taa iliyogeuka manjano. Gharama ni ndogo, na hakuna anayepofushwa.

Wahenga walinena kwamba penye urembo ndipo penye urimbo. Taa za samawati hupendeza machoni pa anayezinunua. Lakini barabara ya usiku ni ya wengi, na waya ulioteketea hauchagui abiria wa kumwonea huruma.